Kura 52 kwa 48: Seneti ya Marekani ilipobadili kanuni bila kugusa maandishi yake

Alhamisi ya tarehe 21 Novemba 2013, Seneti ya Marekani iliulizwa swali ambalo kwa mtu wa nje lingeonekana la kiofisi tu: je, uamuzi wa mwenyekiti wa kikao ubaki kuwa uamuzi wa Seneti? Maseneta 48 walisema ndiyo na 52 wakasema hapana. Warepublican wote 45 walikuwa upande wa ndiyo, wakiungwa mkono na Wademokrat watatu, na upande wa hapana hakuwapo Mrepublican hata mmoja. Kura hiyo haikupitisha muswada, haikumthibitisha jaji, wala haikuongeza au kufuta neno katika Kanuni za Kudumu za Seneti. Hata hivyo, kuanzia dakika ile kila mteule wa Rais, isipokuwa wa Mahakama ya Juu, aliweza kuvushwa kwa wingi wa kawaida badala ya kusubiri kura 60.

Tukio hilo linajulikana zaidi kwa jina lake la kivita, chaguo la nyuklia, na jina hilo limewafanya wengi wakumbuke kishindo na kusahau namna jambo lenyewe lilivyotendeka. Uchambuzi huu unakaa zaidi kwenye utaratibu, kwa sababu ndimo lilimofichwa jibu la swali kubwa la kisa hiki: ilikuwaje kanuni iliyoandikwa wazi kwamba haiwezi kubadilishwa kwa urahisi ikapoteza nguvu yake kabla ya chakula cha jioni?

Seneti, tofauti na Baraza la Wawakilishi, kwa zaidi ya karne moja haikuwa na njia ya kumlazimisha seneta akae chini ili kura ipigwe. Tarehe 8 Machi 1917, baada ya kundi dogo la maseneta kukwamisha muswada wa kuzipa silaha meli za biashara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Seneti iliongeza katika Kanuni ya 22 utaratibu ulioruhusu mjadala ufungwe kwa theluthi mbili ya kura. Mwaka 1949 utaratibu huo ulipanuliwa hadi kuwahusu wateule wa Rais, na mwaka 1975 kiwango kikashushwa kuwa sehemu tatu kati ya tano za maseneta wote waliochaguliwa na kuapishwa, yaani 60 pale viti vyote 100 vinapokuwa na wenyewe. Kipengele kimoja kiliachwa juu: kufunga mjadala kuhusu hoja ya kubadili Kanuni zenyewe kuliendelea kudai theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura. Kwa maandishi, basi, walio wachache walikuwa na kinga mbili, moja juu ya nyingine. Wangeweza kumzuia mteule, na wangeweza kuzuia jaribio lolote la kuwanyang'anya uwezo wa kumzuia mteule.

Mbinu ya kutumia kinga hiyo ndiyo filibasta. Zamani ilikuwa kazi ya miguu na koo. Strom Thurmond wa South Carolina alizungumza kwa saa 24 na dakika 18 mwaka 1957 kupinga muswada wa haki za kiraia. Kufikia karne hii haikuhitaji tena mtu asimame. Ilitosha walio wachache kujulisha kwamba hawatakubali mjadala ufungwe, na kazi yote ikabaki kwa walio wengi kutafuta kura 60 ambazo hawakuwa nazo.

Pande zote mbili zilikuwa zimeshakaa katika viti vyote viwili vya mabishano haya. Wakati wa Rais George W. Bush, Wademokrat waliokuwa wachache waliwazuia wateule wake kadhaa wa mahakama za rufaa, na mwaka 2005 kiongozi wa Warepublican, Bill Frist, akatishia kuiondoa filibasta ya majaji kwa kura ya wingi wa kawaida. Harry Reid wa Nevada, aliyekuwa kiongozi wa walio wachache, alipinga kwa nguvu zote. Mitch McConnell wa Kentucky, msaidizi wa Frist, aliunga mkono. Seneta mpya wa Illinois, Barack Obama, alihutubia Seneti mwezi Aprili mwaka huo akionya juu ya hatua hiyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: miaka minane baadaye Reid, sasa kiongozi wa walio wengi, aliongoza shambulio lile lile, McConnell, sasa kiongozi wa walio wachache, akalipinga, na Obama, sasa akiwa Rais, alitokea mbele ya waandishi wa habari Ikulu siku hiyo hiyo kuliunga mkono. Mwaka 2005 mgogoro ulizimwa na maseneta 14, saba kutoka kila chama, waliokubaliana kwamba mteule wa mahakama angezuiwa katika mazingira ya kipekee tu. Kati ya walionufaika na makubaliano hayo ni Janice Rogers Brown, aliyeingia Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia, na ndiyo mahakama iliyozua mgogoro wa 2013.

Mahakama hiyo ya jijini Washington haina ukubwa wa kutisha, lakini husikiliza sehemu kubwa ya kesi za kupinga maamuzi ya taasisi za serikali ya shirikisho kuhusu mazingira, kazi, fedha na mawasiliano. Rais ambaye hawezi kupitisha sheria Bungeni hutawala kwa kanuni za wizara na wakala, na kanuni hizo huishia mezani kwa majaji hawa. Mfano wa karibu ulikuwapo: Januari 2013 jopo la mahakama hiyo lilibatilisha uteuzi ambao Obama alikuwa ameufanya katika bodi ya mahusiano ya kazi bila kupitia Seneti. Ilikuwa na viti 11, vitatu vikiwa wazi, na majaji wanane waliokuwa kazini walikuwa wamegawanyika wanne kwa wanne kwa kigezo cha chama cha Rais aliyewateua. Mwezi Juni 2013 Obama alitangaza kwa pamoja majina matatu ya kujaza nafasi hizo: Patricia Millett, Cornelia Pillard na Robert Wilkins.

Kuna jambo moja ambalo masimulizi mengi hulipita. Kwa desturi ya Seneti wakati huo, mteule wa mahakama alikwama pia pale maseneta wa jimbo lake walipokataa kurejesha karatasi ya kuridhia jina lake. Wilaya ya Columbia haina seneta. Kwa mahakama hii, kizuizi hicho cha kimyakimya hakikuwapo, na filibasta ndiyo iliyokuwa silaha pekee mkononi mwa walio wachache. Ndiyo maana vita vilitua hapo badala ya kwingineko.

Hoja ya Warepublican haikuwa kwamba wateule hao hawafai. Chuck Grassley wa Iowa alidai kwamba mahakama haina kazi ya kutosha majaji 11, na alikuwa amewasilisha muswada wa kupunguza viti hadi vinane. Kama hoja ya usimamizi wa mahakama, ilistahili kusikilizwa. Kama sababu ya kuzuia majina yote matatu bila kuangalia sifa za mtu, ilikuwa na maana kwamba Seneti inapunguza viti vilivyowekwa na sheria pasipo kuibadili sheria. Hapo Reid alikuwa na haki ya kulalamika. Alipodai kuwa nusu ya filibasta zote 168 dhidi ya wateule katika historia ya nchi zilitokea chini ya Obama, alivuka mpaka, kwa kuwa hesabu hiyo ilitegemea hoja za kufunga mjadala, na hoja ya namna hiyo huweza kuwasilishwa hata pale ambapo hakuna anayezuia kitu.

Mwezi Julai mgogoro ulikuwa umekaribia kulipuka kwa sababu ya wateule wa serikali, na ulipozwa baada ya maseneta kukutana faragha katika ukumbi wa kale wa Seneti tarehe 15 na John McCain wa Arizona kusaidia kupatanisha. Mkataba huo ulidumu kama miezi mitatu na nusu. Tarehe 31 Oktoba, hoja ya kufunga mjadala kuhusu Millett ilipata kura 55 dhidi ya 38 na ikaanguka. Pillard na Wilkins nao walianguka kwa njia hiyo hiyo katikati ya Novemba.

Tarehe 21, Reid alianza kwa kuirudisha kura ya Millett iangaliwe upya. Uchaguzi wa mahali pa kuanzia haukuwa wa bahati. Kwa taratibu za Seneti, hoja hiyo ya kuangalia upya haikuwa na mjadala, na rufaa inayozuka ndani ya jambo lisilo na mjadala nayo huamuliwa bila mjadala. Kama Reid angeanzia mahali pengine, Warepublican wangeweza kuiwekea rufaa yake mwenyewe filibasta, na kungekuwa na kichekesho cha kuhitaji kura 60 ili kufuta sharti la kura 60. Waliompa ushauri walijua wanachokifanya.

Kisha akatoa hoja ya utaratibu: kwamba kura ya kufunga mjadala kwa wateule wote, wasiokuwa wa Mahakama ya Juu, ni ya wingi wa kawaida. Hoja hiyo, ikipimwa kwa maandishi ya Kanuni ya 22, ilikuwa si sahihi, na kila mtu ukumbini alijua hivyo, akiwamo Reid. Patrick Leahy wa Vermont, Mdemokrat aliyekuwa rais wa muda wa Seneti na aliyeongoza kikao, alifanya alichotakiwa kufanya: aliikataa. Reid akakata rufaa dhidi ya uamuzi huo mbele ya Seneti nzima.

Msomaji aliyezoea bunge ambalo Spika akishatoa uamuzi jambo limekwisha anaweza kushangaa kidogo hapa. Katika Seneti ya Marekani mwenyekiti hana neno la mwisho juu ya maana ya kanuni. Seneta yeyote anaweza kukata rufaa, na rufaa huamuliwa kwa wingi wa kawaida wa waliopo. Matokeo yakishatoka, yanakuwa uamuzi wa rejea unaofungamanisha vikao vinavyofuata, hata kama unapingana na maandishi. Swali liliulizwa, na 52 wakasema uamuzi wa mwenyekiti usisimame. Leahy mwenyewe alikuwa mmoja wa hao 52: alitoa uamuzi sahihi akiwa kitini, kisha akapiga kura ya kuubatilisha akiwa seneta, na kwa utaratibu wa Seneti hakuwa amekosea popote.

McConnell alijibu kwa hoja ya utaratibu iliyoelekea upande wa pili, kwamba wateule wanaweza kujadiliwa mpaka sehemu tatu kati ya tano za maseneta zitakapofunga mjadala. Leahy aliikataa kwa kutumia uamuzi wa rejea uliokuwa umezaliwa dakika chache tu zilizotangulia. McConnell akakata rufaa, na safari hii mwenyekiti akaungwa mkono, 52 kwa 48. Kwa nini alijisumbua? Nadhani alitaka kumbukumbu rasmi ioneshe kura mbili badala ya moja, ili siku nyingine pasiwe na mtu wa kudai kwamba lilikuwa jambo la kupitiwa. Alikuwa amewaonya Wademokrat ukumbini kwamba watajuta, na huenda mapema kuliko wanavyodhani. Mjadala juu ya Millett ukafungwa kwa kura 55 dhidi ya 43, idadi ile ile ya 55 ambayo wiki tatu nyuma haikutosha.

Inafaa kuwatazama Wademokrat watatu walioikataa hatua ya chama chao, kwa sababu hawakuwa watu wa aina moja. Kambi ya Reid ilikuwa na watu 55, wakiwamo maseneta wawili wasio na chama, Bernie Sanders wa Vermont na Angus King wa Maine. Angeweza kupoteza hadi watano na bado kushinda kwa kura ya Makamu wa Rais Joe Biden, kwa hiyo kukataa kwa watatu hakukumgharimu kitu. Mark Pryor wa Arkansas alikuwa akielekea uchaguzi mgumu wa 2014 katika jimbo lililokuwa likikikimbia chama chake. Joe Manchin wa West Virginia alikuwa katika jimbo la namna hiyo hiyo, na msimamo wake wa kulinda kanuni za Seneti ulikwenda sambamba na masilahi yake.

Carl Levin wa Michigan hakuwa na hesabu kama hizo. Alikuwa Seneti tangu 1979, alikuwa ameshatangaza kwamba hatagombea tena, na aliafiki kwamba Warepublican walikuwa wakitumia vibaya filibasta. Alichokataa ni njia. Alikumbusha maneno ya Arthur Vandenberg, Mrepublican aliyekuwa seneta wa jimbo lake, aliyesema mwaka 1949 kwamba Seneti ambayo walio wengi wanaweza kubadili kanuni wakati wowote wapendao ni Seneti isiyo na kanuni. Nimesoma utetezi mwingi wa kura ya 2013 na sijaona uliomjibu Levin moja kwa moja. Wengi hujibu hoja nyingine, ile ya kwamba Rais aliyechaguliwa anastahili kupata majaji wake, ambayo Levin hakuipinga.

Katiba ya Marekani, Ibara ya Kwanza, inaipa kila nyumba ya Bunge mamlaka ya kujiwekea kanuni za shughuli zake. Hakuna mahakama iliyokuwa tayari kuja kusema kwamba Seneti imejisoma vibaya. Hapo ndipo unapoonekana udhaifu ambao kura ya Novemba iliuweka hadharani: sharti la kura 60 liliishi kwa ridhaa ya walio wengi, muda wote waliodhani kuna siku watakuwa wachache. Reid na wenzake hawakuubuni udhaifu huo. Frist alikuwa ameupangia matumizi mwaka 2005, na Robert Byrd, akiwa kiongozi wa Wademokrat, alikuwa amewahi kujenga maamuzi ya rejea kwa wingi wa kawaida tangu miaka ya 1970 katika mambo madogo zaidi. Tofauti ya 2013 ni ukubwa wa kilichoguswa.

Faida za haraka zilikuwa za kweli. Millett alithibitishwa tarehe 10 Desemba kwa kura 56 dhidi ya 38, Pillard siku mbili baadaye, na Wilkins Januari 2014. Mahakama ikawa na majaji saba walioteuliwa na marais Wademokrat dhidi ya wanne. Jopo la majaji watatu lilipoamua Julai 2014, wawili kwa mmoja, kwamba ruzuku za bima ya afya haziwezi kutolewa katika majimbo yanayotumia soko la bima la serikali ya shirikisho, mahakama nzima iliufuta uamuzi huo mwezi Septemba ili kesi isikilizwe upya, ingawa suala lenyewe lilimalizwa na Mahakama ya Juu mwaka uliofuata.

Pahala ambapo hesabu ya Reid ilikuwa dhaifu zaidi, kwa maoni yangu, ni lile neno "isipokuwa". Kuiacha Mahakama ya Juu nje kulikuwa na mantiki ya kisiasa, kwa kuwa kulipunguza woga wa wale waliofikiria Rais wa chama kingine. Lakini ulinzi wa eneo hilo uliachiwa ile ile subira ya walio wengi ambayo muda huo huo ilikuwa imevunjwa kwa maeneo mengine yote. Ni sawa na kuvunja kufuli la ghala na kuliacha la stoo ya ndani, huku nyundo ikibaki sakafuni.

Nyundo iliokotwa. Warepublican waliitwaa Seneti katika uchaguzi wa 2014 kwa kuongeza viti tisa. Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu, alipofariki Februari 2016, McConnell hakuhitaji filibasta kumzuia Merrick Garland, jaji mkuu wa mahakama ile ile ya Wilaya ya Columbia, ambaye Obama alimteua kujaza nafasi hiyo. Alitumia tu uwezo wa walio wengi wa kutopanga kikao. Tarehe 6 Aprili 2017, Wademokrat walipomzuia Neil Gorsuch, mteule wa Rais Donald Trump kwa kiti hicho hicho, 55 dhidi ya 45, McConnell alifuata hatua zile zile: hoja ya utaratibu, mwenyekiti kuikataa, rufaa. Uamuzi wa mwenyekiti ulianguka kwa 48 dhidi ya 52, tarakimu zile zile za 2013, na safari hii hakuna aliyeivuka mipaka ya chama chake. Brett Kavanaugh alithibitishwa 2018 kwa kura 50 dhidi ya 48, Amy Coney Barrett 2020 kwa 52 dhidi ya 48, na Ketanji Brown Jackson, mteule wa Biden, 2022 kwa 53 dhidi ya 47. Hakuna kati yao aliyefika 60.

Je, Warepublican wasingefanya hivyo kama Wademokrat wasingetangulia? Naamini wangefanya, kwa sababu kiti cha Scalia kilikuwa na thamani kubwa mno kwao kuliko desturi. Lakini wangelazimika kuwa wa kwanza, na kuwashawishi wenzao waliopenda kanuni za zamani kwa hoja yao wenyewe, badala ya kuelekeza kidole kwenye kumbukumbu za Novemba 2013.

Miswada ya sheria haijaguswa hadi sasa. Wademokrat walijaribu tarehe 19 Januari 2022, wakitaka kulegeza sharti hilo kwa ajili ya muswada wa haki ya kupiga kura, na safari hiyo mwenyekiti aliungwa mkono kwa 52 dhidi ya 48 baada ya Kyrsten Sinema wa Arizona na Joe Manchin kujiunga na Warepublican. Kati ya wale watatu wa 2013, Manchin ndiye pekee aliyekuwa amebaki ukumbini: Pryor alishindwa uchaguzi wa 2014 na Levin alistaafu Januari 2015. Manchin na Sinema nao waliondoka Januari 2025. Miezi michache baadaye, shughuli za serikali zilipofungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba kwa kukosa bajeti, Rais Donald Trump aliwataka Warepublican, waliokuwa na viti 53, waifute filibasta ya miswada pia. Kiongozi wao, John Thune wa South Dakota, alijibu kwamba kura za kufanya hivyo hazipo.